Fikisha Kwanza

Masafa aliamka mahali alipozoea kuamkia, nyuma ya viti vya lori, magoti yamekunjwa na kichwa kikiwa upande wa abiria. Alivaa viatu akiwa amekaa kwenye usukani, akafungua mlango na kushuka kinyumenyume kama madereva wa malori wote wanavyoshuka. Akanawa uso kwa maji ya dumu huku akiyatazama matairi. Jana fundi alikuja kuyajaza upepo na kufunga betri ya kuazima. Masafa hakuuliza kwa nini. Alijua, ila kujua hakukumfanya ahisi chochote, na ukiwa huhisi chochote unapata uvivu wa kuuliza.

Lori hilo halikuwa limetoka yadini tangu tajiri alipofariki. Madereva humwita mwenye magari tajiri, hata awe amezama kwenye madeni hadi kooni. Tajiri alipoondoka duniani, malori mengine yaliuzwa yakiwa mazima, na hili likabaki likiota kutu karibu na ukuta. Masafa alibaki nalo, yeye mlinzi wake wa usiku, nalo nyumba yake. Bamba la nyuma bado lilikuwa na maandishi yaliyofifia: HATA MIMI NITAFIKA. Wapi, hakuna aliyewahi kuandika.

Nje ya geti mama chai alikuwa ameshawasha jiko. Alimmiminia bila kuulizwa.

"Kikombe kimepungua," alisema Masafa.

"Kikombe ni kilekile, chai ndiyo imepungua. Sukari imepanda, mkaa umepanda. Waliobaki chini ni mimi na wewe."

Kabla Masafa hajaimaliza chai, gari dogo jeupe lilisimama bila kuzimwa. Tajiri Mdogo, mtoto wa marehemu, aliteremsha kioo.

"Shikamoo, Mzee Masafa."

"Marahaba."

"Leo tunaipeleka ile. Kule barabara ya zamani, kwa wanunuzi wa skrepa. Gari la kuvuta wanataka bei ya kuvutia meli, kwa hiyo wewe ipeleke taratibu tu. Mimi nitapita barabara mpya, nikusubiri hukohuko."

"Na mimi je?"

"Wewe umefanyaje?"

"Mimi nalala humo."

Tajiri Mdogo alilitazama lori, kisha akamtazama mzee, kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa kuna mtu anayeweza kulala mle. "Ah, mzee wangu! Si nilikwambia yadi mpya ina geti? Na geti lina kibanda. Utakaa pale kama mfalme. Tutaongea. Fikisha kwanza."

Gari jeupe likaondoka. Masafa akabaki na maneno hayo mawili ambayo alikuwa ameyasikia tangu kijana huyo hajazaliwa. Marehemu alikuwa nayo mdomoni kama mswaki. Dereva akisema anaumwa, fikisha kwanza. Akiomba siku ya kupumzika, fikisha kwanza, mengine baadaye. Wengi walifikisha, na baadaye yenyewe haikufika.

"Geti la yadi mpya lina kampuni ya ulinzi," alisema mama chai akisuuza kikombe. "Nimewaona. Wana kofia, wana mbwa. Hata mbwa wana mkataba."

"Kasema tutaongea."

"Na wewe ukasadiki. Mzee, leo usiku utalala wapi? Binti yako si anakaa barabara ya zamani hiyohiyo? Utampita mlangoni."

"Nitapita."

"Usipite. Simama. Teremka, umwambie: mwanangu, sina pa kulala. Ulimi hauna mfupa, hautavunjika."

Masafa akasema sawa. Na kweli alidhamiria. Alipanda, akakanyaga klachi, na katika jaribio la tatu injini ikakohoa na kuwaka. Moshi mweusi ulimfunika mama chai na jiko lake, akasikika akitukana na kumwombea safari njema kwa pumzi moja.

Barabara ya zamani ilikuwa tupu. Tangu ile mpya ifunguliwe, malori yote yalihamia huko, na huku kulibaki baiskeli na mbuzi waliolala katikati ya lami kwa uhakika wa wenye hati miliki. Vituo vya mafuta vilibaki paa na nguzo. Masafa alikwenda polepole akishika gia ya pili kwa mkono mmoja, maana ukiiachia inachomoka.

Mikono ilikumbuka yenyewe. Ilijua daraja jembamba liko baada ya kona ipi, na mahali ambapo lami inainamia kushoto na kumwaga mzigo wa mtu asiyeijua. Kwa barabara hii aliivuka nchi nzima, kutoka bandarini hadi mpaka wa mwisho, siku nne kiangazi na wiki mbili masika. Malori yalinasa kwenye tope yakapanga foleni ya kilomita nzima, madereva wakafua nguo na kuzianika kwenye kamba za turubai. Ukikutana na mwenzako kona mbaya alikukonyezea taa, nawe ukajua mbele kuna askari. Ukiona matawi mabichi barabarani, ulijua kuna lori limekufa mbele. Walipikia kando ya matairi na kulala chini ya tela, wakaamshwa na umande. Wenzake wa wakati ule, Kipara, Bwana Harusi, yule waliyemwita Mwalimu kwa sababu ya miwani, wote hawapo. Aliwapitisha kichwani mmoja mmoja, na hakuna aliyemuuma. Ilikuwa kama kusoma vibao vya barabarani.

Karibu na kiwanda kilichofungwa, askari wa barabarani alitoka kivulini na kunyoosha mkono. Haikujulikana anangoja nini kwenye barabara isiyo na magari, labda aliadhibiwa.

"Bima iko wapi?"

"Haina, afande. Hii ni skrepa, inakwenda kuuzwa."

"Skrepa inabebwa. Hii inatembea, kwa hiyo ni gari. Gari bila bima ni kosa."

"Basi niizime hapa, iwe skrepa?"

"Ukiizima hapa umezuia barabara. Hilo kosa la pili."

Wote wawili waliitazama barabara. Mbuzi mmoja alivuka. Askari akapanda ngazi ya mlango, akachungulia ndani kwa makini, na macho yake yakatulia kwenye redio.

"Hiyo inaimba?"

"Ikipenda."

"Basi usinicheleweshe, mzee. Na mimi nina watoto."

Redio hiyo Masafa aliinunua mwenyewe, mwaka ule mzigo ulipolala mpakani mwezi mzima na upweke ukataka kumtia wazimu. Akatoa bisibisi, akaifungua. Nyaya zilibaki zikining'inia kwenye tundu. Alingoja hasira ipande, kama mtu anavyongoja chafya, haikupanda. Askari akaikumbatia redio kifuani na kumtakia safari njema. Sheria ilikuwa imeridhika.

Baada ya hapo zilibaki kona chache kufika kwa binti.

Ilikuwa safu ya vyumba vya kupanga, milango ikitazama barabara. Cha tatu ndicho alichompangia mkewe walipooana, akakichagua hicho kwa sababu lori lingepita mbele yake. Kupita, siyo kusimama. Tajiri alikuwa na sheria: dereva anayesimama nyumbani kwake anashusha mafuta au mzigo kwa wizi, na akionekana, kazi hana. Kila safari Masafa alipiga honi mara tatu kuanzia kwenye kona. Mke alitoka na mtoto kiunoni, akapunga mkono, naye Masafa akarusha furushi kutoka dirishani: sukari, kitambaa, mara nyingine viatu vya mtoto. Viatu alivinunua kwa kukisia, kwa mguu aliouona sekunde mbili safari iliyopita. Vyote vilikuwa vidogo. Mtoto alikua kuliko alivyomkumbuka, na kila furushi lilimkuta ameshalipita. Vile viatu vilivaliwa na watoto wa majirani.

Mara moja au mbili kwa mwezi alirudi usiku kwa miguu baada ya kushusha mzigo. Mtoto alimwogopa, akalala upande wa ukuta. Mkewe alipofariki, habari zilimkuta ng'ambo ya mpaka na shehena ya saruji. Alimpigia tajiri simu ya posta. Tajiri alisema pole sana, ndugu yangu, kazi ya Mungu. Halafu akasema yale maneno mawili. Masafa alifika kaburi likiwa limeshakauka, na binti, aliyekuwa ndiyo kwanza amevunja ungo, akampa kiti kama mgeni.

Sasa kona ilikuwa hii hapa. Mkono ukapanda wenyewe juu ya honi. Mara tatu. Sauti ilitoka nzito, nzima, kitu pekee kwenye lori lile ambacho hakikuzeeka. Aliona mlango wa tatu, ndoo mbele yake, nguo za watoto kwenye kamba. Akauambia mguu ukanyage breki.

Mguu haukuondoka kwenye mafuta.

Siyo kwamba aliamua. Alikuwa ameshaamua kusimama, alikuwa na maneno ya mama chai tayari mdomoni. Lakini mguu ulikuwa na mazoea ya maisha mazima na haukuwa na habari kwamba tajiri amekufa. Vyumba vikapita. Akatazama kwenye kioo kama alivyotazama siku zote, kuona kama kuna mtu wa tajiri anayemfuata. Hakukuwa na mtu. Palikuwa na barabara tu, na moshi wake mwenyewe ukiwa umeifunika safu yote ya milango.

Hapo ndipo kitu kilipombana kifuani, kidogo. Kisha kikaachia.

Yadi ya skrepa ilikuwa na mizani ya chuma iliyolala ardhini, na kando yake kontena lenye dirisha. Ndani ya kontena mpimaji alikuwa anakula karanga. Tajiri Mdogo alikuwa ameshafika, akamwelekeza kwa mikono hadi magurudumu yote yakakaa kwenye bamba la mizani. Masafa akazima injini na kushika kitasa cha mlango. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye mizani zote za barabara kuu: dereva anashuka, utingo anashuka, sufuria na blanketi vinashushwa, maana kilo moja ikizidi ni faini, na faini ni ya dereva.

Tajiri Mdogo akauzuia mlango kwa kiganja. Alisema kwa sauti ya chini, "Baki humohumo, mzee wangu. Na wewe ni kilo. Huyu analipa kwa uzito."

"Na lile geti?"

"Tutaongea hapahapa tukimaliza. Inama kidogo asikuone."

Masafa akainama. Pua yake ikawa karibu na tundu la redio.

"Ndani kuna mtu?" mpimaji aliuliza kutoka dirishani.

"Hamna mtu," alisema Tajiri Mdogo.

Simu ya Masafa ikaita. Ilikuwa mfukoni mwa shati, na ndani ya kebini tupu mlio wake ulijaa kila mahali. Tajiri Mdogo alimkodolea macho: izime. Masafa akatazama jina kwenye kioo cha simu, akapokea kwa kunong'ona palepale alipoinama.

"Baba, ni wewe uliyepiga honi?"

"Ni mimi."

"Nimetoka mbio na povu mikononi. Nimekuta moshi tu." Nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa analia. "Nilidhani lile lori lilishakufa."

"Lilikuwa bado."

"Sasa mbona hukusimama?"

Masafa alilitafuta jibu. Alitaka kusema breki, akaona ni uongo. "Mguu umezoea," alisema.

Binti alimbembeleza mtoto. Halafu akauliza alichokuwa akiuliza mama yake, kila mara kwa mdomo tu bila sauti, akiwa amesimama kando ya barabara. "Utapita tena saa ngapi?"

"Gari halirudi. Linauzwa."

"Sijauliza gari."

Kutoka kwenye kontena mpimaji alisoma uzito kwa sauti, na Tajiri Mdogo akainua kidole gumba. Masafa akanyanyuka. Aliingiza mkono nyuma ya viti, akavuta godoro lake la sponji, jembamba, lililokatwa kona kwa kisu ili liingie mle. Akalikunja kwapani. Akausukuma mlango pamoja na kiganja kilichokuwa kinauzuia, akashuka kinyumenyume, akatoka nje ya bamba.

"Hee!" alisema mpimaji, karanga mkononi. "Imepungua."

"Mzee! Unafanya nini?"

"Nimeshuka, tajiri."

"Wewe umeniaibisha! Basi na geti usahau. Umesikia? Sahau kabisa!"

Masafa alisikia. Mpimaji alikuwa ameanza kufoka, anataka lori lipimwe upya na hataki tena bei ya awali, Tajiri Mdogo anaapa kwa jina la marehemu. Masafa alipita katikati yao hadi getini na kushika barabara ya zamani, upande aliotoka. Kwa gari ulikuwa mwendo wa kuvuta sigara mbili tatu. Kwa miguu yake ingekuwa jioni. Magoti hayakunyooka vizuri, yalikuwa yamelala yamekunjwa miaka mingi mno. Aliweka simu sikioni, binti bado alikuwapo.

"Baba, kuna nini huko? Nani anapiga kelele?"

"Watu wa kazini. Nakuja kwako. Nakuja kwa miguu."

Alimsikia akishusha pumzi, na akamsikia akihesabu nafasi kichwani, kama mpangaji yeyote wa chumba kimoja anavyofanya.

"Chumba ni kilekile, baba. Watoto watatu, na mimi, na baba yao akirudi kutoka kazini. Utalala chini, karibu na mlango."

"Sawa."

"Na sina cha kukutandikia."

"Godoro ninalo," alisema Masafa.