Gari la Deraya Lililonitosha Mimi Tu

Msinicheke, wajukuu zangu, nikiinuka kwa kushika ukuta. Mabega haya ameyaharibu mama yenu. Nilimzaa mwenyewe, nikamsomesha mwenyewe, akawa injinia, akaniingiza kwenye chuma.

Jeshi lilitaka gari la deraya lililobuniwa hapahapa nyumbani, siyo la kuagiza. Mama yenu akapewa kazi hiyo, na karakana yenye bati linalovuja, na fundi wa kuchomelea tuliyemwita Cheche. Mimi nilishastaafu lori langu la mchanga. Nikawa nawapelekea chai, maana ukikaa nyumbani bila kazi, bibi yenu anakutafutia.

Basi ikafika zamu ya kiti cha dereva. Kiti kile hakisogezwi, kinachomelewa moja kwa moja, bomu likipiga chini kisiruke na mtu. Kwa hiyo lazima umpime dereva mwenyewe. Mama yenu akapiga simu kambini, tuleteeni dereva. Wakasema kesho. Kesho yake wakasema kesho. Baadaye ikawa yuko njiani. Njia gani hiyo? Konokono angeshafika, akaoga, akala.

"Baba, hebu kaa hapo kidogo," mama yenu akaniambia. "Makadirio tu."

Makadirio tu. Nikakaa. Siku ya pili nikakaa tena. Wakapima goti, wakapima jicho langu mpaka kwenye kidirisha, Cheche ananichora chaki kama kitambaa cha suti. Nikiuliza, dereva je? Anakuja, baba, usiwe na haraka. Haraka ninayo mimi, au miguu yangu iliyokufa ganzi? Siku moja natoka kliniki ya macho, nakuta kiti kimeshachomelewa. Kwa vipimo vyangu. Mama yenu kachoka kusubiri.

Halafu jenerali akatoa neno lake: gari lisipopanda kilima cha kokoto mbele ya macho yake, karakana inafungwa, magari yataagizwa nje. Mama yenu akawa hali, halali.

Asubuhi ya majaribio, dereva huyo akaja. Mrefu kama mlingoti. Akajikunja, akaingia, magoti yakakwama kwenye usukani, macho yakatazamana na chuma juu ya kidirisha.

"Injinia, mimi naona bamba tu."

"Inama."

"Nikiinama nakanyaga mafuta na breki pamoja."

"Ungekuja mapema, afande, tungekupunguza," Cheche akamwambia.

"Mimi nimeambiwa jana."

Jana! Jenerali akatazama saa. Mama yenu akanigeukia. Jicho lile nalijua, ndilo alilonitazama nalo utotoni alipovunja redio.

"Baba."

"Hapana. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, la kushoto linabahatisha."

"Nitasimama kwenye tundu la juu, nyuma yako. Nikikukanyaga bega la kulia, kata kulia. La kushoto, kushoto."

"Na kusimamisha gari?"

"Kichwani."

Nilimbeba mabegani akiwa mdogo, nikadhani kazi ile imekwisha.

"Huyu mzee ni nani?" jenerali akauliza.

"Ndiye kipimo, mkuu," Cheche akajibu.

Tukaondoka. Kokoto zinaruka, injini inanguruma, mama yenu ananikanyaga kama anaponda udongo wa kujengea. Katikati ya kilima gari likaanza kurudi nyuma. Mara akanishukia mabega yote mawili kwa pamoja. Hilo hatukulipanga. Nikawaza, anayekanyaga pande zote hataki kona, anataka mbele. Nikashusha gia, nikakandamiza mafuta mpaka sakafuni. Gari likalia, likatetemeka, likapanda, mpaka nikapata kisigino cha utosi. Tumefika juu.

"Yale mabega mawili ulimaanisha twende mbele, siyo?" nikamuuliza.

"Niliteleza, baba."

Nikazima injini, nikaanza kuyasugua mabega. 

Jenerali akalizunguka gari, akaligonga bamba kwa ngumi. Akasema karakana ibaki, lakini gari la pili lipimiwe askari. Mama yenu akageukia ubavu wa gari, akajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Kambini wakaahidi kuleta dereva wa kupimwa. Lini? Kesho.

Sasa leo asubuhi kanipigia simu. "Baba, hebu pita hapa ukae kidogo. Makadirio tu."

Nileteeni viatu vyangu. Na ule mto wa kwenye kochi, bibi yenu asiuone. Safari hii nitaukalia, angalau nirefuke kama askari.