Alama Nilizompa Shiro

Kule kanisani kwetu Thornton Heath waliniita Mama Intavyu, na mimi jina hilo nililipenda, kwa nini nikatae? Tangu mwaka wa tisini na sita, Mkenya yeyote wa ushirika wetu aliyeitwa kuhojiwa kwa ajili ya kazi alipitia kwangu kwanza. Jumapili baada ya ibada, wenzangu wakiwa wamesimama wanapiga gumzo, mimi niko kwenye kona ya ukumbi, mtu wangu nimemkalisha kitini, namuuliza maswali na kumkaripia. Kaa wima. Usiseme hujui, sema ungependa kujifunza. Mungu mtaje mara moja tu, inatosha. Niliwaingiza watu hospitalini, benki, mpaka ofisi za manispaa. Mdomo wangu ni mkali, najua, lakini kazi walipata.

Na nywele. Nywele ndizo zilikuwa sheria yangu ya kwanza. Mwanamke aende amewekwa dawa, nywele zimelainika zimelala, au asuke matuta madogo ayabane nyuma, basi. Sheria hiyo sikuiokota njiani. Mwaka wa tisini na mbili, miezi minne tu tangu nifike kutoka Wundanyi, nilienda kuomba kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja na nywele zangu nilizozaliwa nazo, nimezichana vizuri, nimezipaka mafuta. Bwana aliyenihoji aliniangalia kichwani muda wote, halafu akaniuliza kama hivyo ndivyo ninavyokusudia kuja kazini. Nikasema samahani. Hebu fikiria, mimi ndiye niliyeomba samahani. Siku hiyo hiyo nilipanda basi hadi Peckham nikawekwa dawa, na wiki mbili baadaye nikapata kazi mahali pengine. Nikajiambia nimejifunza.

Mwaka wa 2004 nilikuwa mkuu wa mapokezi katika kliniki ya macho huko Tooting. Meneja wetu alikuwa Jaswinder, mama wa Kihindi wa umri wangu, aliyezaliwa Kisumu akaletwa London akiwa mdogo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila kitu alikiandika. Tulikuwa tunatafuta mtu wa kukaa nami pale mbele, kazi ya mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi mwenyewe nikamwambia Shiro apeleke maombi.

Shiro alikuwa na miaka ishirini na miwili, binti ya rafiki yangu wa siku nyingi. Wakati huo alikuwa anasafisha maofisi alfajiri, halafu anakimbilia chuoni, na darasani analala. Alishafeli mtihani mmoja. Akifeli mwingine chuo kingemtoa. Kazi ya mchana yenye saa zinazoeleweka, pamoja na masomo ya jioni, ingemwokoa, na hayo yote niliyajua.

Jumapili kabla ya intavyu nilimkalisha kwenye kona yangu kama wengine. Alijibu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Halafu nikamuuliza, "Na hizo nywele?"

Alikuwa ameacha dawa mwaka mzima, akakata zote zikaota upya. Sasa zilikuwa zimesimama, nyingi, nyeusi.

"Hizi ndizo nywele, anti," akasema, akitabasamu. "Sina zingine."

Waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka, na nilikwenda nyumbani nimekasirika.

Alikuja Jumanne saa nne asubuhi, koti la bluu, viatu vimepigwa rangi, na nywele zake. Alikuwa amezitia maji na mafuta, zimekaa duara safi. Nitasema kweli, maana ndiyo sababu nasimulia: zilimpendeza. Na bado alipopita mlangoni nilihisi uso unawaka. Niliona aibu, tena wala si kwa ajili yake. Niliona Jaswinder atamtazama yeye, kisha atanitazama mimi, na atajua kwamba bila dawa yangu ya kila wiki sita na mimi niko vile vile.

Shiro alijibu kila swali. Alipoulizwa angefanya nini mzee asiyesikia vizuri akija siku isiyo yake, alisema angemkalisha kwanza, mengine baadaye. Jaswinder aliweka kalamu chini akawa anamsikiliza tu. Msichana alipotoka tulibaki na fomu zetu. Kulikuwa na mambo matano ya kupimwa, kila moja alama tano, na la mwisho lilikuwa unadhifu.

"Nimempenda," Jaswinder akasema. "Wewe je?"

Hakutaja nywele. Naomba hilo lieleweke. Ningesema na mimi nimempenda, tungempigia simu mchana ule ule. Lakini nilikuwa nimeshajiandaa kusemwa, nikatangulia kusema.

"Ni msichana mzuri. Ila zile nywele."

"Zina nini?"

"Hazijatengenezwa. Kwetu mtu akija hivyo ni kama ametoka kitandani. Hajaiheshimu kazi."

Akanitazama kidogo. "Mimi nilidhani ni mtindo wake tu. Kweli kwenu ndivyo mnavyoona?"

"Kweli."

"Basi wewe ndiye unayejua," akasema, na akaandika.

Mzungu asingethubutu kusema maneno yale. Jaswinder mwenyewe asingethubutu. Mimi niliyasema kwa sababu ni Mwafrika, na nani angenibishia? Unadhifu nikampa alama moja. Alishindwa kwa alama mbili, kazi ikaenda kwa msichana mwingine ambaye hata jina la kliniki alilikosea.

Jumapili iliyofuata Shiro alikuja na barua yake ya kukataliwa, macho yamevimba. Barua haikusema mengi, ila kulikuwa na neno moja kuhusu mwonekano wake. Fanuel, katibu wetu wa kanisa, ambaye hakuna sheria asiyojidai kuijua, aliisoma mara mbili.

"Ni huyo Mhindi," akasema. "Walitufanyia haya nyumbani, na huku wametufuata nayo."

Wote wakanigeukia mimi, niliyekuwepo.

"Si mnawajua," nikasema.

Hayo tu. Sikusema uongo, ukitaka kunitetea. Nilimtupia mtu mwingine mzigo wangu kwa maneno mawili, na kila mtu pale alikuwa tayari kunisaidia kumtwisha.

Shiro alisema chuoni amefundishwa kwamba mtu ana haki ya kuomba nakala ya yale yaliyoandikwa juu yake. Nikamwambia, "Achana nayo, mwanangu. London ni kubwa, tutapata nyingine." Akanijibu kwa Kiingereza, kama walivyozoea watoto wetu, kwamba hatafuti nyingine, anataka kujua. Nikamwambia ni mkaidi. Nilikuwa nimeanza kuogopa.

Baada ya wiki mbili Jaswinder aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Barua ya Shiro ya kuomba nakala ilikuwa mezani.

"Lazima nimpelekee nilichoandika," akasema. "Maneno yako yamo, na jina lako. Naweza kulifunika jina, na pale uliposema 'kwetu'. Lakini nikifunika, atadhani ni mimi. Wewe ndiye unayemjua huyu msichana. Unataka nifanyeje?"

Aliniuliza vizuri, bila hasira, akangoja. Nilikuwa na nafasi yote ya kuwa mtu.

"Funika," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Hakunilaumu wala hakubadilika. Kila asubuhi alinisalimia kama kawaida, na mimi kila asubuhi nilitamani angenitukana.

Jumamosi moja mchana Mama Shiro akanipigia simu niende kwake mara moja. Nikamkuta ametoka kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hata wigi hajavua, na Fanuel yuko kwenye kochi na faili. Karatasi zilizofunikwa kwa wino mweusi zilikuwa mezani. Shiro alikuwa amekaa sakafuni, kichwa amekifunga kitambaa kigumu mpaka kwenye nyusi, ndani ya nyumba yao wenyewe. 

"Kazi imekuwa rahisi," Fanuel akasema. "Wewe ulikuwepo. Maelezo yako nimeshayapiga chapa, wewe tia sahihi tu, mengine niachie mimi na mahakama ya kazi. Huyo mama Krismasi haimkuti pale."

Akanipa karatasi na kalamu. Ilisema kwamba mimi, Serah Mwakio, nilimsikia meneja wangu kwa masikio yangu akisema nywele za mwombaji ni kama za mtu aliyetoka kitandani.

"Anti, mimi sitaki afukuzwe," Shiro akasema. "Nataka aje aseme mbele yangu kwamba alisema. Basi."

Kalamu niliishika. Laiti ningeweza kusema dhamiri ilinizuia. Kilichonizuia ni woga. Nilijua Jaswinder amehifadhi ile karatasi isiyo na wino, na siku ya mahakama angeitoa. Kwa hiyo hata sifa ya kukiri sina.

"Ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?" Mama Shiro akauliza.

"Niliyesema. Hayo ya kutoka kitandani ni maneno yangu. Jaswinder alimpenda, alitaka kumpa kazi. Mimi ndiye niliyemzuia."

Fanuel akavua miwani. Shiro hakusogea. Nilikaa nikingoja Mama Shiro anionyeshe mlango. Miaka kumi na miwili ya urafiki, kuzikiana, kulindiana watoto, niliiona inaishia pale kwenye zulia lake. Na kusema kweli nilitaka iishe, maana nilistahili.

Mama Shiro akavuta pumzi ndefu, akajishika kifua, akacheka kidogo.

"Kumbe ni Serah," akasema. "Wee, mlikuwa mmenitisha. Mimi nikadhani ni ubaguzi."

"Mama," Shiro akasema.

"Mama nini? Serah amesema uongo? Mimi sijakwambia maneno hayo hayo? Nyanya yako hajakwambia kwenye simu? Mtu wako akikwambia, huo si ubaguzi, huo ni ushauri. Ningekuwa mimi kwenye hicho kiti ningekupa sifuri." Akaichukua ile karatasi ya sahihi kutoka mkononi mwangu, akaikunja na kumrudishia Fanuel. "Weka hii mbali, ndugu yangu. Tulitaka kumwonea mama wa watu."

Fanuel naye mabega yakamshuka. Mtu wa mahakama yule, alionekana kama aliyepona homa. "Basi haya ni ya nyumbani," akasema. "Tutayamaliza nyumbani."

Shiro alikuwa ananiangalia. Alipozungumza alizungumza Kiswahili, taratibu, kila neno mahali pake.

"Yule Mhindi alinipa ngapi? Hapo kwenye unadhifu."

"Tano," nikasema.

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya tano."

Akaitikia. Akaziokota karatasi zake mezani moja moja, akazipanga, akaenda chumbani kwake. Hakuubamiza mlango. Aliufunga polepole mpaka kitasa kikalia.

Nikamwangalia Mama Shiro, naye akapunga mkono. "Mwache, atazoea. Wiki hii nampeleka kwa msusi awekwe dawa, halafu tuombe kazi nyingine kama watu. Na wewe utakuja, Serah. Wewe anakusikia."

Akanimiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu, maana ananijua. Mlango wa Shiro ulikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti changu. Ningeweza kuinuka nikaugonga. Ningeweza kumwambia mama yake kwamba yule mtoto hana kosa, kwamba mwenye kosa ni mimi ninayekaribishwa chai. Maneno nilikuwa nayo, yamepangana vizuri, mimi ninayewafundisha watu kuongea. Lakini hakuna aliyenikasirikia. Mzigo wa mwezi mzima ulikuwa umenitoka kifuani, chai ilikuwa tamu, na mimi nilijisikia nafuu, nafuu kabisa, nikampokea Mama Shiro kikombe na kumuuliza, "Sawa. Siku gani?"