Sifuri Sitini na Tatu

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya likizo ndefu, kiwanja cha mtaa wa Mabatini, Faza, kilikuwa kimezungushwa ua wa mabati mapya. Goli moja lilikuwa ndani ya ua, jingine nje. Kando ya lile la nje walisimama wasichana kumi na wanne wa timu ya mtaa. Mlinzi aitwaye Owen aliwaonyesha nakala ya hati miliki kupitia tundu la mlango. Walisoma jina la kampuni. Hakuna aliyewahi kulisikia.

Saa nne Bi Zamzam, auzaye viazi vya karai, alimfuata Hudson Wanyama kibandani mwake gatini. Wanyama alikuwa mtu wa Bungoma. Kazi yake ilikuwa kupima kina cha maji, na kila Ijumaa kutuma vipimo kwenye ofisi ya serikali, bara.

"Bwana Wanyama, wana wetu wataka kocha."

"Mimi sijui mpira, Bi Zamzam."

"Filimbi unayo?"

Alikuwa nayo, ya kuonyea mashua.

"Basi. Mpira wenyewe waujua. Kamati ya ligi imesema timu isiyo na kocha wala kiwanja cha nyumbani itafutwa. Kocha nimempata. Sasa tafuta kiwanja."

"Nitafute mimi?"

"Si wewe ndiwe kocha?"

Mahali palipobaki ni Fungu la Pweza, mchanga mgumu ulio hatua mia mbili kutoka gatini. Maji ya bamvu, yale makubwa ya mwezi mpevu, yakijaa, fungu hufunikwa kwa kina cha mita mbili na nusu. Jumamosi hiyo mwezi ulikuwa mpevu, siku ya kumi na tano. Wanyama aliwaambia wasichana kwamba fungu lingeanza kufunikwa saa saba, na kwamba hatamngoja mtu.

Saa saba maji yalifika ukingoni mwa fungu yakasimama. Nahodha, Nusra, alikuwa akipiga kona.

"Mwalimu," alisema kipa, Mwanamkisi, "yeo mai hayayi."

"Nimeona maji hayaji. Rudi golini."

Saa kumi na nusu, wakati wa maji kujaa, bahari ilikuwa imesimama pande zote, ila njia ya gatini, kupita kimo cha mtu, na katikati mchanga ulikuwa mkavu. Mpira ukitoka nje, mmoja aliingiza mkono majini akautoa. Wanyama alipopuliza filimbi ya mwisho, maji yalingoja hadi msichana wa mwisho alipochukua kandambili zake na kufika gatini, kisha yakafunika.

Wanyama aliandika: Fungu la Pweza, maji kujaa, kina sifuri. Jedwali la mwaka lilisema mita mbili na nusu, lakini hakuwahi kuandika kipimo ambacho hakukipima.

Wasichana walicheza kila siku, mchana kutwa. Wavuvi walibadili njia. Akina mama walilalamika juu ya mchanga unaoingia na soksi nyumbani. Wanyama hakujifunza mpira, ila alipima. Alimwambia Mwanamkisi kwamba anasimama nusu hatua kushoto mno, na Mwanamkisi akaacha kufungwa ovyo. Kila Ijumaa, kwa wiki tisa, vipimo vilikwenda bara: sifuri saba za fungu.

Mechi ya nyumbani ilikuwa Jumamosi, dhidi ya timu ya Shela, waliokuja na njumu mpya.

"Mstari wa pembeni uko wapi?" aliuliza kocha wao.

"Mai," alijibu Nusra. "Yakikulowesha, ushatoka."

Wakati wa mapumziko walifika wanaume watatu na mashine ya miguu mitatu, wakasimika vigingi vya saruji kwenye pembe nne. Wanyama alidhani wametumwa na kamati ya ligi kuweka alama za kona. Walipokosa mtu wa kushika ncha ya utepe wa kupimia, aliishika yeye.

Mabatini walishinda mbili kwa moja.

Jumanne ilikuja barua ya kamati ya ligi. Ushindi ulifutwa na timu ikaondolewa kwenye ligi, kwa kuwa mechi ilichezwa kwenye mali ya watu binafsi bila idhini. Vigingi viliwekwa Jumamosi, lakini hati ya fungu ilikuwa imetoka Ijumaa. Mwenye hati ilikuwa kampuni ileile ya kiwanja cha kwanza. Kuthibitisha kwamba fungu ni nchi kavu hata maji yakijaa, kwenye hati vilikuwa vimeambatishwa vipimo sitini na tatu vya sifuri, kila kimoja na sahihi ya Wanyama.

Bi Zamzam aliisoma barua mara mbili.

"Nti wametwaa, na mai wametwaa," alisema. "Waulize na hewa ni ya nani, tujue mapema."

Nusra aliokota jiwe, akaenda kulipiga kwenye mabati ya kiwanja cha zamani, akaokota jingine. Wenzake walimfuata. Walipiga mawe mpaka magharibi, na ua haukuanguka.

Alhamisi Wanyama alivuka kwenda ofisini. Karani, Nkatha, alimpa kiti.

"Fungu huwa kavu kwa sababu watoto wanacheza," Wanyama alisema. "Wasipocheza linazama."

"Najua. Lakini fomu haina sehemu ya sababu."

"Basi vifuteni. Andika kwamba nilidanganya."

"Ulidanganya?"

Wanyama alitazama vipimo vyake mezani.

"Hapana," alisema.

"Pwani nzima hakuna vipimo safi kama vyako," Nkatha alimwambia. "Waliotoa hati hawakukuta kosa hata moja. Nilitafuta mimi mwenyewe."

Jumamosi asubuhi Owen alihamishiwa kwenye fungu na rungu lake. Wasichana walikuja na mpira. Aliwazuia, wakabaki gatini pamoja na Wanyama. Kwa kuwa hakuna aliyecheza, maji yalipanda kama kawaida. Saa tano yalimfika Owen kiunoni.

"Owen, toka!" Nusra alipiga kelele. "Utakufa mai!"

"Rudini nyuma! Hapa ni mali ya mtu!"

Saa saba na dakika kumi maji yalimfika shingoni. Aliinua rungu juu lisilowe, akawaamuru tena wasichana wasisogee.