Mlango wa Barabarani

Jina la Kidomo hakupewa na wazazi. Alilitafuta mwenyewe kwa mdomo wake. Kamati ya hospitali ilipomwita awe sauti ya vijana, ilimpa kiti karibu na friji, soda ya moto, na ombi kwamba atabasamu mpiga picha akipita. Wakubwa walikuwa wakijadili kwa nini chumba cha ushauri nasaha kwa vijana, kilichofunguliwa kwa mbwembwe zote, kinaingiwa na nzi tu. Mhasibu aliilaumu rangi ya kuta. Matroni alitaka inunuliwe meza ya pool.

Kidomo alimwaza kaka yake. Tangu aachishwe kazi hakuwa akifungua pazia, na chakula alikula kwa kubembelezwa. Siku moja alifika mpaka getini kwa hospitali, akageuka. "Mlango wa ushauri ukiondolewa pale barabarani, nitaingia," alimwambia Kidomo, kisha akalala na viatu miguuni. Kidomo aliogopa kumpoteza, na hofu haina adabu.

"Tatizo si rangi, ni mlango," alisema. "Unatazamana na genge la nyanya na kituo cha pikipiki. Ukiingia tu, mtaa mzima umeshajua."

"Asante, binti, tumelipokea," alisema mwenyekiti. Kwa lugha ya kamati, kulipokea jambo ni kulizika bila sanda.

"Basi mzee, nikuombe kitu. Toka nje, uingie kwa mlango ule, ukae kidogo kwenye benchi, halafu urudi."

"Mimi?"

"Kama ni rangi, si utaiona vizuri?"

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti hakutaka kuonekana mwoga mbele ya mtoto mwenye soda, akavaa koti na kutoka. Wengine wote wakajazana dirishani.

Muuza nyanya aliacha mizani ikining'inia. "Mwenyekiti! Makubwa! Yamekufika na wewe?" Waendesha pikipiki wakampigia honi. Fundi viatu alimtazama akipotelea ndani, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Mwenyekiti alirudi akitweta, koti limelowa maji ya sabuni. Hajakaa sawasawa, simu ikaita. Alikuwa mama mkwe wake, mwanamke ambaye akiongea na simu hupaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, kwa hiyo kamati nzima ilialikwa.

"Mwanangu, nimeambiwa umerukwa na akili!"

"Hapana mama, ni kazi ya kamati tu."

"Usinifiche. Usingizi unapata lakini?"

Mwenyekiti akawapa wajumbe mgongo, akaibana simu sikioni. "Nitakupigia, mama," alisema, akaikata.

Hata Kidomo alimwonea huruma, ila hakumwachia. "Umerudi kwa mlango gani, mzee?"

"Wa chumba cha kufulia."

"Kwa nini?"

Mwenyekiti akajipangusa povu kwenye mkono wa koti. "Kule hakuna mtu," alisema.

Bango la ushauri nasaha liling'olewa kwenye mlango wa barabarani wiki ileile, na vijana wakaanza kupitia kwa wafuaji. Kaka alitoka nyumbani na furushi la shuka chafu begani, kama anayemfulia mgonjwa wake, na Kidomo akamfuata kwa mbali. Muuza nyanya alimwuliza ni nani amelazwa.

"Mtu wa kwetu," kaka akajibu, wala hakuwa amedanganya sana.

Alipita katikati ya mabeseni, na Kidomo akabaki mlangoni akichungulia. Kwenye benchi la ndani alikaa mtu mmoja tu, amekumbatia foronya.

"Shikamoo, mwenyeki—" kaka alianza.

"Marahaba, punguza sauti." Mwenyekiti alisogea kumpisha. "Wameshaniambia hapa ni pa vijana. Nimewajibu nimemsindikiza kijana wangu, yuko njiani." Akapigapiga benchi kwa kiganja. "Kaa basi, mwanangu, nisionekane mwongo."

Kaka akatua furushi, akakaa.