Toroli la Mayu Kwandu

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta, maana humu atakutana na wengine wanaofanana naye kwa mbali: yumo mgeni rasmi aliyekaa juani na suti yake, yumo Marcelo mwenye ng'ombe wengi na aibu kidogo. Hao ni wasindikizaji. Harusi ilikuwa yangu.

Ilikuwa mwezi wa sita, siku ya mazingira, kijijini kwetu nje kidogo ya Ngulyati, miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia na malori yao. Mimi, Jilala, nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Soko likafunguliwa, mimi nikafungiwa. Nikageuka wakala wa mnunuzi mmoja binafsi, naye akaondoka na pamba ya watu, akaniachia mizani na matusi. Tangu hapo nauza sabuni, chumvi na mafuta ya taa, na mtu akinitania sikasiriki. Nimeshatukanwa na watu wenye sababu, sembuse wenye utani.

Wilaya ilikuwa imeamua kuwatunuku wananchi waliohifadhi mazingira kwa kujitolea, bila kulipwa wala kusukumwa. Kwetu hapakuwa na haja ya kupiga kura. Alikuwa Mayu Kwandu, yaani Mama Kwandu, basi. Zawadi yenyewe ilikuwa cheti na toroli jipya la bluu, tairi lake bado lina vile vinyweleo vya kiwandani. Toroli lilihifadhiwa dukani kwangu, na kila nikifunga duka nililisukuma kidogo kutoka kwenye sabuni hadi kwenye chumvi. Nikalipenda. Nilijua mwaka unaofuata watatunuku mwingine, na moyoni nikawa nimeshajiteua.

Kwa asiye wa kwetu nieleze: ngitili ni eneo unalolifunga mvua zikiisha, majani yasiliwe na miti isikatwe, mpaka kiangazi kikolee na ng'ombe wabaki mifupa, ndipo unalifungua kidogo kidogo. Mayu Kwandu alikuwa mjane. Wakati sisi wengine tunalima pamba mpaka mlangoni, yeye aliifunga ngitili ya marehemu mumewe. Visiki vikachipua, milama na migunga ikarudi, na ikifika mwezi wa kumi maksai wa kitongoji kizima walikula mle, kwa zamu aliyoipanga mwenyewe. Na bila maksai hakuna kulima.

Aliyeingia kabla ya siku alilipa mchenya, yaani faini ya kijiji: mbuzi dume, anachinjwa mbele ya baraza na baraza linamla. Asiyelipa anatengwa, hasalimiwi, haombwi moto, hanunuliwi kitu. Mayu Kwandu alishamtoza mpwa wake. Alishamtoza katekista. Alishamtoza kaka yake wa tumbo moja, kisha akaenda kumpa pole kwa kupotelewa na mbuzi.

Tulimwona mkali, lakini tulikuwa tumeona na kijiji cha pili. Nao walikuwa na ngitili nzuri. Mkubwa mmoja akaingiza ng'ombe wake siku moja tu, akasamehewa kwa ukubwa wake. Wiki ileile wakaingia wote. Sasa pale ukitaka kivuli, kaa nyuma ya ng'ombe.

Haya yote niliyajua. Ndiyo maana nasema mjinga nilikuwa mimi.

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kivuli cha wageni. Nilikuwa nimeahidiwa turubai la ghala la pamba. Jua linazama, kesho yake ndiyo sherehe, nikaenda kulichukua.

"Turubai limekuja?" mke wangu Stephania akaniuliza niliporudi.

"Limekwenda. Limefunika lori la mnunuzi, limeelekea Maswa."

"Mgeni atakaa wapi?"

"Nitajenga banda la matawi."

"Matawi ya nini, Jilala? Ya pamba?"

Alikuwa na haki. Kutoka dukani kwetu hadi uwanja wa shule, kitu pekee kilichosimama wima kilikuwa mlingoti wa bendera.

"Usiniambie unawaza ninachokiogopa," akasema.

"Mimi siwazi kitu."

"Hilo nalijua. Ndiyo naogopa."

Asubuhi mapema nilikwenda kwa Mayu Kwandu kuazima mkokoteni.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, ng'wana Shigela," akaitika kwa jina la baba yangu. "Mkokoteni wa nini?"

"Kubebea vitu vya sherehe yako."

Sikudanganya. Akanifungia maksai wake wawili kwa mkono wake, akaniambia wakirudi na alama ya fimbo ataniuliza, kisha akaingia ndani kuoga. Nami nikajisemea: huyu leo ni bibi harusi, ataoga, atajipaka mafuta, ataazima viatu, hana nafasi ya kutembelea miti. Tena ni heshima yake mwenyewe. Matawi machache tu, mti hauwezi kufa kwa kunyolewa.

Sikuwaelekeza maksai. Walijua njia ya kwao, wakanipeleka wenyewe hadi ndani ya ngitili. Nikakata haraka, kabla jua halijachomoza vizuri, nikapakia, nikaondoka. Njiani nikapishana na Marcelo anaswaga ng'ombe wake. Akautazama mzigo, akanitazama mimi, akatabasamu. Nikadhani ananipongeza.

Banda lilipendeza, siwezi kudanganya. Lilikuwa la kijani mpaka uwanja mzima ukaonekana mchafu. Mgeni rasmi akafika kwa gari la wilaya, mtu mpole, kipara kinang'aa, mwenyeji wa mbali asiyejua neno la Kisukuma. Akakaa katikati. Mayu Kwandu akakalishwa kulia kwake, amevaa gauni la kanisani. Mhoja, kamanda wa sungusungu, akasimama pembeni na upinde wake na filimbi shingoni. Wagalu, wacheza ngoma wetu, wakacheza, vumbi likapanda, risala ikasomwa, mgeni akasimama.

"Nimezunguka vijiji vingi," akasema. "Kote wananikaribisha kwa turubai la plastiki. Hapa nimekaribishwa na mazingira yenyewe."

Nikapiga makofi. Kisha nikasikia kwamba ninapiga peke yangu.

Nikainua macho. Juu ya kipara cha mgeni kilikuwa kinaning'inia kipande cha kanga ya njano. Kanga ile kila mtu aliijua. Mayu Kwandu aliichana vipande, akafunga kimoja kimoja kwenye kila mti mchanga, ili mchungaji asije akasema hakuona. Mimi sikuona. Upepo ukaja, kitambaa kikamgusa mgeni kichwani, akakipunga kama nzi, akaendelea na hotuba.

Nikaamua kuokoa hali. Nikanyata mpaka nyuma ya kiti chake.

"Samahani, mheshimiwa. Nyigu."

Nikavuta. Fundo lile lilifungwa na mwanamke asiyefanya mzaha. Kitambaa hakikufunguka, likashuka tawi zima na kumlalia mgeni begani.

"Ameondoka?" mgeni akauliza, hajageuka.

"Ameondoka, mheshimiwa."

"Hicho kitambaa ni cha nani, ng'wana Shigela?" Mayu Kwandu akaniuliza kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayeuliza saa.

"Ni cha mazingira, mayu."

Akaliangalia tawi. Akaangalia juu. Akainuka kwenye kile kiti na hakukikalia tena.

Kabla sijapata uongo mwingine, Marcelo akasimama kule nyuma. "Kumbe nilimwona vizuri asubuhi. Nikajua pamefunguliwa. Basi jioni nawapeleka wangu."

"Nani kakwambia pamefunguliwa?" Mhoja akamuuliza.

"Kamanda, umesimama chini ya nini hapo?"

Mhoja akasogea hatua moja, akajikuta juani. Watu wakaanza kunong'ona. Niliwaona wanatazamana, kisha wanatazama upande wa ngitili, kila mmoja na hesabu yake ya ng'ombe kichwani. Macho yale nilishayaona kijiji cha pili.

Mgeni aliyachukulia manong'ono kuwa furaha. Akatangaza zawadi. Mayu Kwandu akapiga goti kidogo, akapokea cheti kwa mikono miwili, akampa Stephania amshikie. Akapokea toroli. Tukasubiri neno la shukrani. Yeye akalisukuma toroli mpaka kwenye banda, akalisimamisha, akaanza kushusha matawi.

Alishusha moja, akalilaza kwenye toroli. Akashusha jingine. Jua likamfikia mtunza muda, likamfikia diwani, likaja likakaa juu ya kile kipara.

"Mama anafanya nini?" mgeni akaninong'oneza.

"Analijaribu toroli, mheshimiwa."

Lilipojaa akalisukuma hadi mbele ya Mhoja. "Kamanda, haya yamekatwa kwenye ngitili yangu kabla ya siku. Aliyeyakata yule pale, ameshika kanga yangu. Naomba baraza."

Mhoja akamtazama mgeni, akatazama gari la wilaya. "Leo, mayu?"

"Kwani Marcelo anapeleka lini?"

Mhoja akapuliza filimbi. Wanaume wakasogea, wakakaa duara, na sherehe ikageuka baraza, mgeni rasmi yumo katikati hajui kama bado ni yeye rasmi.

"Anasemaje?" akaniuliza.

"Anashukuru kwa toroli."

Nikajitetea. Nilishasimama mbele ya wakulima waliodhulumiwa pamba. Baraza la mbuzi mmoja lisingenishinda.

"Wazee wangu, nimekata matawi, sikukata mti."

"Ng'ombe naye hali mti," Marcelo akasema, "anakula matawi." Watu wakacheka, naye akaona amenisaidia, kumbe amenizika.

"Na sikukata kwa tamaa. Nimekata kwa heshima yako, mayu. Kivuli umekikalia wewe."

"Nilikikalia sijajua. Tangu nimejua, umeniona nimekaa?"

Hakuna aliyekuwa amemwona.

"Lakini sikuingia kwa nguvu. Maksai wako mwenyewe ndio walionipeleka."

"Maksai nitaongea nao nyumbani."

Baraza lilicheka mpaka Mhoja akapuliza filimbi tena. Nikageukia kwenye vyungu, nikakumbuka kwamba anayechemka mle kwa ajili ya mgeni ni mbuzi dume wangu. "Basi huyo aliye chunguni ahesabiwe kuwa ndiye mchenya."

"Huyo ulimtoa kwa ajili ya kusifiwa," Stephania, aliyekuwa amerudi kwenye mapishi, akajibu. "Ameshakusifu. Yupo mwingine nyumbani, yule mwenye doa. Mchukueni huyo." Alimtaja mbuzi wangu wa mwisho kama mtu anayetaja chumvi iliyobaki kwenye kopo.

Nikaona nimebakiwa na mlango mmoja. Nikamwinamia mgeni rasmi, nikamweleza kisa chote kwa Kiswahili changu cha ofisini: kwamba ni kosa dogo la kiutendaji, la mtu aliyetaka kumtafutia kivuli yeye mwenyewe mheshimiwa, na kwamba huku kwetu neno la mgeni lina uzito. Alisikiliza, jasho linamtiririka hadi kwenye tai. Alikuwa mtu mwema, nilishasema. Akasimama, akafungua mikono.

"Mama yangu," akasema, "ndugu yetu amekosea, anakiri. Lakini leo ni siku ya furaha. Umekesha na miti hii miaka yote, umetupa mfano sisi sote. Wewe ni mama, na mama ana huruma. Mimi mgeni wako nakuomba: kwa leo tu, msamehe."

Mhoja aliiachia filimbi ikaning'inia kifuani. Marcelo aliegemea fimbo yake, anasubiri na lile tabasamu lake la asubuhi, na nyuma yake wenye ng'ombe wengine walikuwa wameshaanza kujikung'uta makalio kama watu wanaotaka kuwahi mahali. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nishukuru.

Mayu Kwandu aliweka mikono kwenye vishikio vya toroli, akamtazama mgeni usoni. Safari hii alisema kwa Kiswahili, ili nisipate nafasi ya kutafsiri.

"Mheshimiwa, toroli hili mmenipa kwa sababu sijawahi kumsamehe mtu. Nikianza leo, nikurudishie?"