Mgeni Asiyekalishwa

Usiku wa jana niliota maji yanabisha hodi.

Nimesimama ndani ya mchoro wa mjukuu wangu Salha, ule wa mabomba ya maji safi ya maabara itakayotengeneza dawa za macho za watoto. Unakaguliwa asubuhi, ukikataliwa, kazi anapewa mwingine. Magoti yananiuma, na mchoro mzima hauna hata kigoda.

Maji yakaingia, yamechoka kunizidi. Yakanisimulia walivyoyachuja mpaka chumvi yote ikaisha, kisha wakayazungusha bombani bila kituo, wala hakuna aliyeyapa pole. Mimi nimelelewa. Nikayaambia, "Karibuni, ketini."

Yakaketi. Papo hapo yakaanza kuota utelezi, kama mtungi uliosahauliwa.

Salha akaja, vazi jeupe limemfunika mpaka nyusi. Akaniuliza taratibu nimefanya nini.

"Mke mwenza," nikamtania, "mgeni hakalishwi?"

"Huyu hakalishwi, Bibi. Akituama anaoza, na macho ya watoto yanaoza naye."

Nikayaomba yainuke. Yakasema miguu hayana, lakini kitendawili yanacho, tukimaliza, yatajaribu.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu ina chumba kimoja, aingiaye hatoki."

Nikafikiria kaburi, nikaona si adabu kulitaja mbele ya wageni. Nikashindwa. Yakadai mji, nikayapa Muheza.

Basi tuko Muheza. Mabomba yamelala juu ya machungwa ya watu, na mwenye machungwa anatuomba tusogee, anafungua biashara.

Maji yakatoa jibu: ni lile tawi la bomba alilochora Salha pembeni, la chumba kitakachojengwa mwakani. Mwisho wake umezibwa.

"Sisi tutainuka," yakasema, "lakini wenzetu watakwama mle, na hakuna atakayejua."

Salha akainamisha kichwa. Akasema mkubwa wake wa kazini ndiye aliyelitaka, naye alichoka kubishana.

Hata mimi nilichoka. Nikalamba kidole, nikalifuta tawi; wino ukagoma, nikalamba tena. Maji yakanyanyuka yakiguna, yakashika mzunguko wao. Hayakuaga.

Nikaamka. Salha yuko dirishani, ameinua mchoro kwenye mwanga, anauliza nani kalifuta tawi lake. Akautazama tena, kwa muda mrefu. Halafu akaukunja, akaenda nao kazini hivyohivyo.

Nikatoka uani kusukutua. Nikatema mate meusi.