Mkate Uliolala

Bekari ilipoamua kununua gari la kusambazia mikate, mwendesha mkokoteni alikuwa keshazeeka, na farasi jike aliyeuvuta naye hakuwa kigoli. Mwenye bekari hakuwa mtu mbaya. Alimwachia mzee yule farasi awe wake, akampa na ruhusa ya kuchukua kila asubuhi mikate iliyolala, ile ambayo hainunuliki tena. Wafanyakazi walikuwa wamembandika farasi jina la Shangazi, kwa kuwa alikuwa na mwili wa haja na hakukubali kuharakishwa na mtu.

Mzee alikuwa mgane. Mwanawe wa pekee alifanya kazi mbali, akipiga simu Jumapili, na simu zenyewe zilikuwa za hujambo na sijambo, kisha kimya cha watu wanaopendana wasiojua waambiane nini. Kwa hiyo safari ya bekari ndiyo iliyokuwa siku yake. Alikuwa akisimama mlangoni, joto la tanuri likimpiga usoni, na mkata mikate, mama mwenye ulimi mwepesi, akimchokoza:

"Shangazi bado anakushinda kula?"

"Yeye ndiye mwenye nyumba. Mimi mpangaji tu."

Wanacheka, anabeba gunia lake, anarudi. Maneno hayo machache yalimfikisha kesho yake.

Mwaka ule mvua ziligoma. Kiwanja cha nyuma ya nyumba kikabaki na nyasi fupi kama ndevu za juzi. Mzee alipomwona Shangazi akipapasa vumbi kwa midomo, moyo ulimuuma, akamwongezea mkate aliokuwa akimlisha. Ajabu, Shangazi hakukonda. Shingo ilijaa ikawa ngumu, na mgongoni pakafanya mfereji katikati ya nyama. Wapita njia wakasema, "Mzee, sisi ukame unatumaliza, wako anashiba upepo." Alifurahi. Aliona anasifiwa malezi.

Asubuhi moja alimkuta amesimama kaegemea nyuma, miguu ya mbele kaitanguliza kama mtu anayeogopa kukanyaga makaa. Alimnyooshea mkate. Shangazi alinyoosha shingo, lakini hatua hakupiga.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana, mpole wa sauti. Aliinama akapapasa kwato, kisha akauchukua mkono wa mzee akauweka pale pale. Zilikuwa za moto.

"Baba, unamlisha nini?"

"Nyasi hakuna, mwanangu. Nampa mkate."

"Mwingi?"

"Wa kumtosha."

Daktari hakumgombeza. "Kuna farasi wa kula gunia zima na mbavu zisifichike. Na kuna wa namna hii, kila anachotia mdomoni kinageuka mafuta. Mkate kwake ni sukari. Hata hizo nyasi zilizochomwa na jua zina sukari nyingi kuliko unavyodhani. Mwisho wake ni huku kwenye kwato."

"Basi nimfungie, asile kitu."

"Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Tumbo lake halikuumbwa kukaa tupu. Ukimshindisha njaa, mafuta yake mwenyewe yatayeyuka yaingie kwenye damu, na yatamuua kabla ya huo mkate. Ale, tena ale mara nyingi, ila chakula cha kimaskini."

Akamweleza: atafute majani makavu yaliyovunwa yakiwa yamekomaa, ayaloweke, maji yale yenye sukari ayamwage, kisha ayatie kwenye wavu wa matundu madogo ili Shangazi achomoe unyasi mmoja mmoja. Chini amtandikie maranda laini ya mbao. Atakapopona, awe anamtembeza. Akamdunga sindano ya maumivu, akaahidi kupita tena.

Mzee alifanya yote. Alinunua majani, akakata wavu wa zamani na kuufunga upya kwa vifundo vya karibu karibu. Shangazi alinusa, akamgeuzia makalio. Siku za kwanza alikuwa akimtazama mzee mikononi, na mzee akiificha mikono nyuma kama mwizi.

Jambo ambalo daktari hakulisema, kwa kuwa hakulijua, ni bekari. Asubuhi iliyofuata mzee alivaa, akatoka, akafika kwenye kona, akasimama. Angesema amefuata nini? Mtu haendi kazini kwa watu kusimama mlangoni tu. Akarudi. Kesho yake hakuvaa hata viatu. Akawa analoweka majani, anamwaga maji, anatundika wavu, na kimya kikaingia nyumbani na kukaa kama mgeni asiyeaga.

Jumapili simu iliita.

"Baba, una mafua?"

"Sina."

"Mbona sauti imekauka?"

"Sijaitumia leo."

Kijana akauliza, "Shangazi hajambo?" Na mzee, bila kutarajia, akasimulia kwato, wavu, majani na maji yake ya rangi ya chai. Hawakuwahi kuongea kwa muda mrefu namna ile tangu mazishi ya mama yake kijana.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, Shangazi alikuwa anatembea sawasawa, mbavu zake zikipapasika chini ya ngozi kama daktari alivyotaka. Mzee akamtia kamba, wakaenda taratibu mpaka bekari. Njia nzima alikuwa akipanga la kumjibu mkata mikate.

Kwenye meza ya kukatia alikuwapo msichana asiyemjua.

"Mikate iliyolala inachukuliwa na mfuga kuku sasa," msichana alisema.

"Sikufuata mkate. Yule mama yuko wapi?"

"Ameacha kazi, kaenda kuishi kwa dada yake. Wewe ndiye mzee wa Shangazi?" Aliposikia ndiye, akafuta mikono kwenye aproni. "Alikuulizia sana. Siku ya mwisho alichelewa kuondoka, akisema labda utapita. Mwishowe akasema umehama."

Mzee alishukuru. Nje, Shangazi alikuwa amenyoosha pua kuelekea harufu ya tanuri. Alimvuta polepole, naye akakubali.

Nyumbani alitundika wavu, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa kumsikiliza akitafuna. Ilikuwa Jumapili, na saa ya simu ilikuwa bado. Mzee alisafisha koo, akajaribu neno moja hewani aone kama litatoka, kisha akapiga yeye.